Kujaza Risasi Nyumbani: Kazi ya Mkono Iliyosimama Juu ya Fataki

Risasi ya bunduki ya kisasa ina sehemu nne: ganda la shaba, fataki iliyopachikwa kitakoni mwa ganda, baruti iliyomo ndani, na kichwa kilichobanwa mdomoni. Bunduki ikifyatuliwa, kichwa kinaruka, baruti inateketea na fataki inakufa. Ganda hubaki, limetanuka kidogo na kuchafuka kwa masizi, lakini zima. Kwa kawaida ndilo sehemu ya gharama kubwa kuliko nyingine, na ndilo linaloweza kutumika tena mara nyingi likitunzwa. Kwa sababu hiyo, kwa karibu miaka 150 sasa, Wamarekani wengi wamekuwa wakiokota maganda yao, kuyarudisha nyumbani na kuyajaza upya kwa mikono yao, kwanza kando ya moto wa kambi, baadaye kwenye meza za jikoni na gereji zilizofungwa presi ya chuma.

Mazoea ya kutengeneza risasi nyumbani ni ya kale kuliko ganda lenyewe. Katika karne ya 18 mafundi wa Pennsylvania walifua mitutu kwa mkono, mmoja mmoja, na tundu la mtutu huu halikulingana sawasawa na la mtutu ule. Kwa hiyo bunduki iliuzwa pamoja na kalibu yake. Mwenye bunduki aliyeyusha madini ya risasi, akayamimina kalibuni, akaifungua na kukata kishina kilichobaki juu ya goroli. Baruti aliinunua dukani na kuipima kwa kopo dogo la pembe. Baada ya mchungaji wa Uskoti, Alexander Forsyth, kupata hataza mwaka 1807 ya kuwasha baruti kwa kemikali inayolipuka ikigongwa, wavumbuzi wengine waliitia kemikali hiyo ndani ya kikofia kidogo cha shaba, na fataki ikawa kitu kingine cha kununua. Kuunganisha vitu hivyo vyote bado kulikuwa juu ya mpigaji mwenyewe.

Ganda la shaba lilipokuja, lilikaribia kuiua desturi hiyo. Mwaka 1857 kampuni ya Smith & Wesson ilianza kuuza bastola iliyotumia risasi ndogo ambayo kemikali yake ya kuwashia ilipakwa ndani ya ukingo wa kitako. Risasi ya namna hiyo haikuogopa mvua, na ilipakiwa upesi kuliko gobori lolote. Bunduki za Henry zilizotumika katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani zilifuata mfumo huohuo. Lakini ganda lake lilikuwa la kutupwa. Pini ilibonda ukingo, kemikali ikaungua mle ndani, na mtu wa kawaida hakuwa na njia ya kulitia uhai tena. Kama risasi zote zingefuata njia hiyo, ujazaji wa nyumbani ungeishia hapo.

Kilichouokoa ni hataza mbili za mwaka mmoja, 1866. Ya kwanza ni ya Hiram Berdan, kanali aliyeongoza wadunguaji wa jeshi la Kaskazini katika vita hivyo vya Marekani. Ya pili ni ya Edward Boxer, afisa wa Maabara ya Kifalme ya Woolwich, Uingereza. Wote wawili waliiweka fataki katikati ya kitako cha ganda, kama kifuniko kidogo kinachoweza kung'olewa na kubadilishwa. Walitofautiana katika jambo moja tu, nalo ni mahali pa fuawe, yaani kile kijichuma ambacho kemikali husagwa juu yake pini inapogonga. Berdan alilifanya fuawe kuwa sehemu ya ganda, kama kinundu ndani ya kishimo cha fataki, na akatoboa vitundu viwili vidogo kandokando yake ili moto upite kwenda kwenye baruti. Boxer alilitia fuawe ndani ya fataki yenyewe, hivyo ganda likabaki na tundu moja tu, katikati kabisa.

Tofauti hiyo ya milimita chache ndiyo iliyoamua nani angejaza risasi nyumbani na nani asingejaza. Kwa ganda la Boxer, kijiti chembamba cha chuma kinaingizwa mdomoni, kinapita katika tundu la katikati na kuisukuma nje fataki iliyokufa kwa pigo moja. Kwa ganda la Berdan, kijiti hugota kwenye fuawe. Fataki yake hulazimika kuchokolewa kutoka nje kwa kulabu, au kusukumwa kwa shinikizo la maji, kazi inayochosha na inayoweza kuharibu kishimo. Ajabu ni kwamba majeshi mengi ya bara la Ulaya yaliuchukua mfumo wa Mmarekani Berdan, na viwanda vya Marekani vikauchukua wa Mwingereza Boxer. Ndiyo maana ujazaji wa nyumbani ulistawi Marekani kuliko nchi nyingine yoyote. Sheria za silaha na ukubwa wa soko navyo vina sehemu yao katika maelezo, lakini mpigaji wa Ulaya aliyeshika ganda la Berdan alikuwa na kikwazo mkononi hata kabla ya kuifikia sheria.

Shule ya kwanza ya kazi hii ilikuwa nyika za Kansas na Texas katika miaka ya 1870. Reli ilipofika Dodge City mwaka 1872, biashara ya ngozi za baisani ilipamba moto, na wawindaji wakatapakaa nyikani wakiwa na bunduki nzito za Sharps. Risasi za kiwandani zilikuwa ghali, na duka lilikuwa mbali. Mwindaji alinunua baruti kwa mapipa na madini ya risasi kwa vipande vizito, akavipakia kwenye gari la kukokotwa. Usiku kambini, ngozi zikiwa zimeshawambwa, alikaa kuyajaza maganda ya mchana huo: akang'oa fataki, akasafisha masizi ya baruti nyeusi ambayo yasipooshwa hula shaba, akapachika fataki mpya, akapima baruti, akakibana kichwa kilichofungwa kwa karatasi. Kazi hiyo iliangamiza makundi ya baisani kwa kasi ya kutisha. Ndani ya miaka michache nyika za kusini zilibaki na mifupa, na watu wa jamii za asili walioishi kwa mnyama huyo walivunjiwa msingi wa maisha yao. Historia ya ujazaji haiwezi kuandikwa kwa haki bila kulitaja jambo hilo.

Jeshi la Marekani nalo liliiona faida. Maganda ya awali ya bunduki yake ya mwaka 1873 yalikuwa na kiwashio kilichofichwa ndani, hayakuweza kujazwa tena. Mwanzoni mwa miaka ya 1880 karakana ya serikali ya Frankford, huko Philadelphia, ilianza kutoa maganda yenye fataki ya nje, na vikosi vikapewa vyombo vya kuyajazia ili askari wapate risasi za mazoezi kwa gharama ndogo.

Mtu aliyeiingiza kazi hiyo majumbani hasa ni John Barlow, aliyeanzisha kampuni ya Ideal mwaka 1884 mjini New Haven, Connecticut. Chombo chake kilikuwa koleo. Kwa koleo hilo, lililoenea kiganjani, mtu alitoa fataki ya zamani, akapachika mpya, akakaza shingo ya ganda na kukiketisha kichwa mdomoni. Mengine yalikuwa na kalibu ya kumiminia vichwa kwenye ncha yake, hivyo karakana nzima iliingia mfukoni. Barlow alichapisha pia kitabu cha mwongozo kilichotolewa toleo baada ya toleo, chenye picha za vichwa, vipimo na majibu kwa maswali ya wapigaji. Mwaka 1925 kampuni ya Lyman iliinunua Ideal, na koleo lake likaendelea kuuzwa kwa miongo mingi.

Wakati koleo likienea, baruti yenyewe ilibadilika, na mabadiliko hayo yalimwaga damu. Mwaka 1884 mkemia wa Ufaransa, Paul Vieille, alitengeneza baruti isiyo na moshi iliyofaa kwa bunduki. Kufikia 1895 Winchester ilikuwa ikiwauzia wawindaji wa Marekani risasi ya .30-30 iliyojazwa baruti ya aina hiyo. Baruti nyeusi ni mvumilivu: mjazaji alizoea kulijaza ganda mpaka karibu na mdomo kwa kopo, na makosa madogo hayakumdhuru. Baruti mpya ilikuwa na nguvu nyingi katika ujazo mdogo. Aliyeipima kwa kopo lilelile la zamani alikuwa ametengeneza bomu, na bunduki zilipasuka mikononi mwa wenyewe. Watengenezaji walijaribu kuwasaidia watu kwa kutoa baruti nyepesi za bunduki za marisau zilizolingana kwa ujazo na ile nyeusi. Kumbukumbu ya kipindi hicho ingali kwenye maboksi ya risasi za marisau za Marekani, ambako nguvu ya risasi mara nyingi huandikwa kwa kipimo cha baruti nyeusi ambayo haimo tena ndani. Tangu hapo mizani ndogo, inayopima hata sehemu ya greni (kipimo kidogo cha uzito wa baruti), ikawa chombo cha lazima mezani.

Fataki nayo ilileta taabu. Kemikali yake ilikuwa na zebaki. Enzi ya baruti nyeusi zebaki hiyo ilinaswa na masizi mengi. Kwa baruti safi isiyo na moshi iliingia moja kwa moja kwenye shaba na kuifanya iwe dhaifu, hata ganda lililoonekana zima likapasuka katika mlio wa pili. Zilipoletwa fataki zisizo na zebaki, zenye klorati ya potasiamu, maganda yalipona lakini mitutu ikaanza kuoza kwa kutu, kwa kuwa mabaki ya klorati ni chumvi inayovuta unyevu. Suluhisho la kweli, fataki isiyotia kutu, lilienea katika risasi za raia wa Marekani kuanzia mwisho wa miaka ya 1920. Miaka ile mjazaji mwangalifu alisoma boksi la fataki kabla ya kusoma la baruti.

Sambamba na wawindaji waliotafuta unafuu, palikuwa na wapigaji waliotafuta usahihi tu. Katika mashindano ya wahamiaji wa Kijerumani, yaliyopigwa kwa yadi 200, bingwa alikuja uwanjani na ganda moja. Harry Pope, fundi mitutu mashuhuri wa kizazi hicho, alikuwa stadi wa mtindo huo: kichwa kilisukumwa kutoka mdomo wa mtutu hadi chini, ganda lenye fataki mpya na baruti likaingizwa nyuma yake, risasi ikapigwa, na ganda lilelile likajazwa palepale kwa risasi iliyofuata. Daktari Franklin Mann wa Massachusetts alitumia miaka mingi kuchunguza kwa nini vichwa viwili vilivyofanana haviangukii mahali pamoja, na mwaka 1909 akachapisha kitabu kuhusu mwendo wa risasi kutoka kwenye baruti hadi kwenye shabaha. Kwa watu hawa kujaza risasi kulikuwa uchunguzi wa kisayansi uliofanywa na raia kwa gharama zao wenyewe, na mchango wao katika elimu ya mwendo wa risasi ulikuwa mkubwa kuliko unavyotajwa kwa kawaida.

Afrika Mashariki iliijua kazi hii kwa njia ya shida. Mwezi Aprili 1915 meli Rubens, iliyotumwa na Ujerumani ikijifanya ya Denmark, ilikimbilia Ghuba ya Manza, kaskazini ya Tanga, ikifukuzwa na manowari ya Uingereza Hyacinth. Iliungua na kuzama kwenye maji mafupi, na baada ya Waingereza kuondoka shehena yake ya silaha iliopolewa. Risasi zilikuwa zimelowa maji ya chumvi. Jenerali Lettow-Vorbeck aliandika katika kumbukumbu zake kwamba risasi hizo zilizidi kukataa kulia, ikabidi zifunguliwe, baruti ianikwe na baadhi ya fataki zibadilishwe, kazi iliyowashughulisha watu wa karakana za koloni kwa miezi. Zile zilizokuwa safi ziliwekwa akiba kwa ajili ya bunduki za rashasha. Risasi hizo za bunduki za Mauser zilikuwa za mfumo wa Berdan, na anayejua jinsi fataki yake inavyong'oka ataelewa ugumu wa miezi hiyo.

Nchini Marekani, miaka ya 1930 iliwapa wajazaji heshima mpya. Kundi dogo la wapigaji, akiwemo Kanali Townsend Whelen, lilikuwa likichezea risasi ndogo yenye kasi kwenye karakana ya jeshi ya Springfield, na mwaka 1930 Winchester ikaanza kuitengeneza kiwandani kwa jina la .22 Hornet. Mwaka 1935 ikaja .357 Magnum ya bastola, iliyotokana na majaribio ya wajazaji waliokuwa wakiongeza nguvu ya risasi ya .38; mmoja wao, Philip Sharpe, alitoa mwaka 1937 kitabu kinene cha mwongozo kilichotumiwa na kizazi kizima. Miongo miwili baadaye majaribio ya mjazaji Elmer Keith yalizaa .44 Magnum kwa njia hiyohiyo. Viwanda vya risasi vya Marekani vimechukua mawazo mengi bora kutoka kwa watu waliofanya kazi usiku kwenye meza za nyumbani.

Vita Kuu ya Pili vilikausha maduka. Madini, baruti na fataki vyote vilikwenda jeshini. Kutokana na uhaba huo Vernon Speer wa Nebraska alianza kutumia maganda yaliyotupwa ya risasi ndogo za .22, akiyanyoosha kuwa koti la shaba la kuvika kichwa cha risasi. Huko Oroville, California, Fred Huntington naye alishika njia hiyo, akifanya kazi nyuma ya dobi la familia yake, na mwaka 1943 akaanza biashara iliyokuja kujulikana kama RCBS. Speer alihamia Lewiston, Idaho. Joyce Hornady, aliyekuwa mshirika wake, alianzisha kampuni yake mwaka 1949 huko Grand Island, Nebraska. Amani iliporudi, serikali ilijikuta na shehena kubwa ya baruti isiyohitajika. Bruce Hodgdon wa Kansas alikopa fedha, akanunua baruti ya 4895 iliyokuwa ikijazwa kwenye risasi za bunduki ya M1, akaihifadhi ndani ya behewa kuukuu la mizigo lililowekwa shambani, na kuiuza kwa barua kwa bei ambayo mwenye kipato cha kawaida aliimudu. Askari walikuwa wamerudi wakijua bunduki, na sasa walipata baruti ya bei nafuu. Ujazaji ukawa jambo la mamia ya mitaa.

Hapo ndipo presi ilipochukua nafasi ya koleo. Sababu ni ya kimakanika. Ganda likifyatuliwa hutanuka na kugandamana na ukuta wa chumba cha bunduki. Ili liingie tena bila kusumbua, hasa katika bunduki inayojipakia, mwili wake wote hauna budi kubanwa urudi katika kipimo chake, na hilo ni jambo lisilowezekana kwa nguvu ya kiganja. Presi hufungwa kwa bolti mezani. Mkono wake mrefu ukivutwa chini, nguzo hupanda ikiwa imebeba ganda kitakoni na kulisukuma ndani ya kalibu ya chuma kigumu iliyokazwa juu. Ganda hupakwa mafuta kidogo kwanza. Lisipopakwa hunasa, na kulitoa ni kazi ya saa nzima. Presi za mwanzo zilikuwa na umbo la herufi C, na nguvu ikizidi kiunzi kilifunguka kidogo, kalibu ikapinda upande. Kiunzi kilichofungwa pande zote, mfano wa herufi O, kiliondoa kasoro hiyo, na RCBS ilijijengea jina kwa presi za aina hiyo. Hesi ya kalibu ilikubaliwa polepole kuwa ya inchi 7/8 yenye nyuzi 14 kwa inchi, na makubaliano hayo yaliwafaa wajazaji kuliko uvumbuzi mwingi wenye hataza, kwa sababu kalibu ya kampuni hii ikaingia kwenye presi ya kampuni ile.

Ufundi wa kurekebisha presi ulikuzwa na wapigaji wa shabaha wa baada ya vita, wale wanaopiga bunduki ikiwa imelazwa juu ya meza. Waligundua kwamba kulibana ganda kupita kiasi kila mara hulichosha: shaba hunyooka, hupungua unene karibu na kitako, na siku moja hukatika hapo. Wakajifunza kuizungusha kalibu kidogokidogo ndani ya hesi yake mpaka bega la ganda lirudi nyuma kwa sehemu chache tu za elfu za inchi, kisha kuifunga kwa pete isisogee. Walipima pia kama kichwa kimeketi wima sawasawa na mwili wa ganda, kwa saa ya kupimia yenye sindano. Risasi ya .222 Remington ya mwaka 1950, kazi ya Mike Walker aliyekuwa mmoja wao, ilikuja ikiwa na usahihi ambao kwa miaka mingi ulikuwa kipimo cha wengine.

Baadaye njia zilitengana. Richard Lee wa Wisconsin alianza mwaka 1958 kuuza seti ndogo isiyohitaji presi, ya kupigwa kwa nyundo mezani, iliyowaingiza wasio na fedha nyingi katika kazi hii. Upande wa pili, mashindano ya bastola yaliyokua baada ya shirikisho lao la kimataifa kuundwa Columbia, Missouri, mwaka 1976, yalihitaji risasi kwa maelfu, na Mike Dillon, rubani wa ndege za abiria, akauza presi inayofanya hatua zote kwa pamoja: kila mkono unapovutwa, risasi moja iliyokamilika huanguka kikapuni. Kasi hiyo ilikuja na hatari yake. Mjazaji anayeangalia ganda mojamoja huona kwa macho kama baruti imeingia mara mbili. Mashine isiposimamiwa haimwambii.

Leo mtu anaweza kumimina vichwa nyumbani, kutumia ganda lilelile mara nyingi na kupima baruti kwa mizani ya umeme. Fataki bado ni ya kiwandani, na Marekani sehemu kubwa yake hutoka katika viwanda vichache vikubwa, kikiwemo cha CCI kilichoanzishwa Lewiston mwaka 1951 na Dick Speer, ndugu wa Vernon. Hofu ya uhaba iliposhika mwaka 2009, 2013 na tena 2020, fataki zilitoweka madukani, na presi nyingi nzuri zikakaa bila kazi mpaka viwanda hivyo vilipotoa shehena nyingine.